Usingizi wa Saa Saba Mchana

Sweta nililivua Ruaha Mbuyuni. Basi lilikuwa limemaliza kushuka Mlima Kitonga, wauza vitunguu wamelizunguka wanagonga madirisha, na mimi niliyetoka Njombe alfajiri nikiwa nimejitanda mpaka masikioni nikahisi jasho linanichuruzika mgongoni. Mama niliyekaa naye alinitazama ninavyohangaika na vifungo, akacheka. "Hilo lifukie chini kabisa ya begi, mdogo wangu. Utalitafuta siku ya kurudi kwenu."

Ilikuwa Januari 2014. Nilishuka Ubungo jioni na kichwa cha cherehani ndani ya boksi, mablanketi mawili mazito ambayo mama yangu alikataa niyaache, na imani moja niliyokua nayo tangu utotoni: watu wa Pwani ni wavivu. Kwetu jambo hilo halina ubishi. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ukikaa bure asubuhi baridi yenyewe inakuinua ushike jembe upate joto. Mtu akilala mchana majirani wanauliza anaumwa au amelewa. Na tulikuwa tukisikia kwamba Dar watu wanashinda barazani wanajipepea, jua likiwa juu hakuna anayefanya la maana. Mimi nilikuja kufanya kazi.

Chumba nilipata Temeke, kwenye nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, vitatu kila upande, korido katikati, ua nyuma, baraza mbele. Changu kilikuwa cha mwisho kulia. Juu bati, dari hakuna. Dirisha moja, na ukinyoosha mkono nje unagusa ukuta wa jirani. Kodi yake ilikuwa nafuu kuliko vyote na sikujiuliza kwa nini.

Usiku wa kwanza nikajibiwa. Nilidhani jua likizama linaondoka na joto lake, kama kwetu. Kumbe matofali ya saruji yanashiba jua kutwa, na usiku ndiyo yanalitapika. Saa tano usiku niliweka kiganja ukutani. Ulikuwa na joto la mgongo wa mtoto mwenye homa. Bati likawa linalia tak, tak, likijaribu kupoa. Hewa imesimama kama maji ya kisima. Wenyewe wanaita fukuto. Nilishuka kitandani nikalala kwenye sakafu tupu, nilipoamka nikaona umbo langu zima limechorwa kwa jasho kwenye saruji, mabega, kiuno na visigino. Wiki ya pili shingo na kifua vikajaa harara, nikawa najipaka poda ya mtoto kama ninayekwenda kliniki.

Nikaenda Kariakoo nikanunua feni ya meza. Feni ikafanya kazi moja kwa bidii: kuchukua joto la kona ile na kuniletea usoni.

Halafu ikaniletea na ugomvi. LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, ilikuwa moja kwa nyumba nzima, tunachangia sawa, na yuniti zilipoanza kwisha kabla ya siku zake wote wakanitazama mimi, mgeni ambaye feni yake inaunguruma usiku kucha. Nilinuna siku mbili, kisha nikakaa na daftari. Feni imeandikwa wati 50. Ikizunguka saa kumi inakula nusu yuniti. Pasi imeandikwa wati 1,000. Saa moja tu, yuniti nzima. Na mimi kwa siku nilikuwa napiga pasi saa tatu, hata nne. Kwa hiyo haki ya kulalamika walikuwa nayo, ila walikuwa wanakisema kifaa kisichohusika. Nikajiongezea mchango kabla sijaambiwa, feni ikasamehewa. Kabla ya hapo nilijaribu pasi ya mkaa ili kubana matumizi. Pasi ya mkaa, chumbani, Dar, Januari. Naomba tusiizungumzie.

Na pasi ilikuwa haipoi, maana kwa fundi cherehani Januari ni mwezi wa sare. Shule zinafunguliwa, na kila mzazi aliyejisahau Desemba anakumbuka siku mbili kabla: shati jeupe, sketi ya bluu ya marinda. Marinda hayataki utani. Unalikunja rinda, unalibana, unaweka kitambaa kibichi juu, unakandamiza pasi, na mvuke wote unakupanda usoni. Kisha rinda la pili, la tatu, mpaka uzunguke kiuno. Nilikuwa naanza saa mbili asubuhi sinyanyuki mpaka saa kumi na mbili jioni, mlango nimeuegesha ili vumbi lisiingie kwenye mashati meupe, mwilini blauzi ya poliesta iliyonibana, pembeni soda. Saa sita, saa saba, saa nane, humo humo. Na barazani Bibi mwenye nyumba amejinyoosha juu ya mkeka, kanga usoni, amelala fofofo. Rohoni nilikuwa nasema: ndio hawa.

Siku moja ya wiki hiyo msuli wa shavu la mguu ulinikaza nikiwa nakanyaga cherehani. Nikausugua, nikaendelea. Kichwa kikaanza kugonga. Baadaye kidogo marinda yakawa yanaonekana mawili mawili. Ninachokumbuka vizuri ni kwamba niliisimamisha pasi pembeni nisiunguze sketi ya mtu, nikajipongeza kwa hilo, kisha nikaiona sakafu inanijia.

Nilipozinduka nilikuwa koridoni, kichwa changu kwenye paja la Bibi. Hakuwa na haraka wala kelele. Alikuwa amenifungua vifungo vya blauzi na kunifunika kanga mbili zilizochovywa majini, moja kifuani, nyingine mapajani, na mtoto wa chumba cha pili amesimama ananipepea kwa ungo kwa nguvu zake zote, anafurahia kabisa. Bibi akaninyanyua kidogo, akaninywesha kwa kijiko maji ya chumvi na sukari yaliyokamuliwa ndimu. Kipimo chake nimekuja kukuta ndicho kile kile wanachofundisha kliniki: lita moja ya maji safi na salama, sukari vijiko sita vya chai vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko. Huku ananinywesha akawa ananiuliza maswali. Naitwa nani. Leo siku gani. Ile sketi ya mwisho ni ya mtoto wa nani. Nilidhani ananiliwaza tu, kumbe ananipima. "Ungenijibu ovyo," aliniambia usiku, "au ungekuwa wa moto kama chungu na hujitambui, tusingekuwa na habari ya ndimu. Ningeita bajaji twende hospitali."

Kisha akanisema. Kwa upole, ila alinisema.

"Mwanangu, kwenu jua mnalifanyaje?"

"Tunaliota, Bibi."

"Hapa haliotwi. Hapa jua lina zamu yake, na wewe una yako. Leo umeingia kwenye zamu yake."

Nilinyamaza, kwa sababu bado nilikuwa na jibu la kiburi tumboni: kwamba asiyefanya kazi mchana atafanya lini. Jibu lake nililipata kesho yake bila kuuliza. Maumivu ya kichwa yaliniamsha saa kumi alfajiri, nikatoka uani kutafuta maji. Bibi alikuwa ameshawasha jiko, ameshachota maji ndoo nne, ameshafagia, na sasa anageuza vitumbua. Wateja wa kwanza, makondakta na madereva wa daladala, walikuwa tayari wanagonga mlango wa uani. Saa moja, wakati ambao mimi siku zote ndiyo nafungua macho, alikuwa amemaliza kuuza anajitanda kwenda soko la Stereo. Saa tatu amerudi, nazi inakunwa. Saa nne chakula kimefunikwa. Mwanamke yule wa miaka zaidi ya 60 alikuwa amefanya kazi kwa saa sita nzima kabla mimi siku hiyo sijashona rinda la kwanza. Mvivu niliyekuwa namwona barazani saa saba alikuwa amemaliza zamu yake.

Nilikaa kwenye kibao cha kukunia nazi nikaona aibu. Ndipo nikabadilisha saa zangu. Kazi ya pasi yote nikaihamishia alfajiri, kuanzia saa kumi na moja, wakati hata pasi yenyewe unaitamani. Kukata na kushona mpaka saa nne na nusu. Hapo nafunga. Nafungua tena saa kumi jioni, naenda mpaka saa mbili usiku. Ukijumlisha ni karibu saa zile zile, ila sketi za kurudia zikaisha, kwa sababu mtu anayepima kiuno akiwa na akili timamu hapimi mara mbili.

Kulala mchana, hata hivyo, hakukuwa rahisi kama nilivyodhani. Mwili ulitaka, malezi yalikataa. Siku za mwanzo nilikuwa nalala na futi ya kupimia shingoni, ili mteja akigonga nitoke nayo nionekane nilikuwa kazini. Bibi aliliona hilo akacheka mpaka akakohoa.

Mengine niliyafuata moja baada ya jingine, sio kwa kufundishwa bali kwa kufokewa. Nyumba ile ya zamani ilijengwa na mtu aliyeijua Pwani: mlango wa mbele na wa uani vinatazamana, na vikifunguliwa vyote viwili korido inakuwa bomba la upepo. Sisi wapangaji tulikuwa tunaufunga wa mbele kwa hofu ya vibaka. Bibi akaamuru ufunguliwe kuanzia magharibi, na ulinzi akawakabidhi wazee wa kahawa waliokuwa wakikaa kibarazani na vikombe vyao mpaka usiku. Kibaka gani atapita katikati ya wazee saba wanaobishana mpira? Feni nayo nikaigeuza. Niliipachika dirishani ikitazama nje, mlango wa chumba wazi, ikawa inatupa nje hewa ya moto na ile ya koridoni inaingia kuziba nafasi. Feni ile ile, yuniti zile zile.

Jua likishuka tunamwaga maji kwenye saruji ya ua, inafuka kidogo kama chungu kilichotiwa maji, kisha inapoa. Hapo ndipo tulipokuwa tunalala, wanawake na watoto, kwenye mikeka, chandarua kimefungwa kona mbili kwenye kamba ya nguo na kona mbili kwenye misumari ya ukuta. Na nguo nikabadilisha. Blauzi ile ya kubana nikaikata matambara, nikajishonea madera ya pamba mapana ambayo upepo unaingia chini unatokea shingoni. Mablanketi ya mama? Moja nililikunja mara nne nikalitandika juu ya meza ya pasi. Mpaka leo liko pale, halijawahi kupata kazi nzuri zaidi. Nimemwambia mama yangu kwamba nalitumia kila siku, na sio uongo.

Hata kwenye daladala kuna akili yake. Kutoka Temeke kwenda Kariakoo asubuhi unaelekea kaskazini, jua liko kulia, kaa kushoto. Jioni ukirudi unaelekea kusini, jua limehamia magharibi, ambako sasa ni kulia tena, kaa kushoto. Nilikaa miezi miwili nagombania siti za kulia kwa sababu zilikuwa wazi, na sikujiuliza kwa nini wenyeji wameziacha.

Lakini ningekuwa mchoyo nikisimulia joto tu. Msimu huu wa kaskazi, Desemba mpaka Machi, una raha zake ambazo kwetu huzipati hata kwa pesa. Embe kwanza. Dodo, bolibo, zinamwagwa kwenye mikokoteni, unanunua fungu unarudi nalo uani, zinatumbukizwa kwenye ndoo ya maji saa moja kabla ya kuliwa. Halafu barafu. Kila mtaa una nyumba moja yenye friza na karatasi mlangoni, BARAFU ZIPO, na herufi za mtoto. Kwetu Temeke zilikuwa za ukwaju na za ubuyu. Unang'ata kona ya kifuko, unafyonza kwanza ule utamu wote, unabaki na kibonge cheupe kisicho na ladha ambacho watoto wanakitupa na mimi nilikuwa nakiweka kisogoni chini ya kilemba. Juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi. Madafu ya wale wa baiskeli, ingawa mwaka wa kwanza nilikuwa nauziwa lolote. Bibi alilishika moja nililoleta kwa fahari, akalitikisa sikioni. "Hili ni koroma," akasema, akalirudisha. Dafu limejaa maji halichezi.

Jumapili jioni tulikuwa tunakwenda Feri kupanda kivuko cha Kigamboni bila shughuli yoyote ng'ambo. Unavuka, unakula mhogo wa kukaanga wenye chumvi na pilipili, unavuka kurudi. Safari ni dakika chache, na umesongamana na pikipiki na wauza samaki, lakini katikati ya mkondo upepo unakuja kutoka baharini moja kwa moja, haujapita kwenye bati la mtu. Nauli ilikuwa shilingi 200. Kuna watu walikuwa wananionea huruma kwamba sina kiyoyozi. Mwaka 2016 daraja lilipofunguliwa wengi walishangilia kuepuka foleni ya kivuko, na walikuwa na haki. Mimi niliendelea na kivuko. Wengine wanapenda ufukwe wa Coco, na Coco jioni pana utamu wake, mihogo na vumbi la mchanga na muziki wa magari matatu kwa mpigo. Nenda saa kumi na moja, si saa tisa. Saa tisa mchanga ule unakutembeza kwa vidole.

Kuna siku moja mwanzoni mwa Machi niliyoshindwa kulala saa saba zangu, nikakaa kwenye kizingiti cha uani. Kunguru mmoja alikuwa ametua kwenye kivuli cha tangi la maji. Mdomo wazi, mabawa ameyaachia kidogo mbali na mwili, koo linadunda. Kunguru wa Dar, ndege asiyeogopa mtu, anayenyakua samaki mkononi mwako, hakuniangalia hata mara moja. Uani hapakuwa na kivuli kingine. Nguzo ya kamba ya nguo, ndefu kunishinda, ilikuwa imesimama wima na chini yake pana kiduara tu cha giza, kama imekanyaga kivuli chake. Ndiyo siku zenyewe hizo: Dar iko karibu nyuzi saba kusini mwa ikweta, na jua likiwa linarudi kaskazini mwanzoni mwa Machi linatupitia utosini kabisa, kama linavyofanya tena Oktoba likielekea kusini. Simu ilisema nyuzi 32, na chini yake imeandikwa unahisi 39. Mtaa mzima kimya. Nje hapakuwa na mtu wala mbuzi. Nikawaza mwajiri gani angepita pale akatuita wavivu, na kunguru naye angemweka kwenye kundi gani.

Nilihama Temeke baada ya miaka sita. Siku hizi niko Mbagala, kwenye vyumba viwili vyangu mwenyewe, na fundi wa kujenga alinichoka. Yeye alitaka madirisha ya kioo ya kusukuma, yale ambayo hata ukifungua yote unapata nusu. Mimi nilitaka ya kufunguka yote, yanayotazamana, na matofali ya matundu juu karibu na paa. Alitaka kuukata mwarobaini uliokuwa upande wa magharibi kwa sababu majani yanaziba mfereji wa maji ya mvua. Nikamwambia majani nitazoa. Kwa hilo namshangaa mtu anayejenga Dar nyumba ya kuotea moto, kisha anahangaika na bili ya kiyoyozi. Dari la jipsamu nimeweka, na tofauti yake unaisikia usiku wa kwanza: ile tak, tak haikufikii.

Mwaka 2025 Ramadhani iliangukia Machi, na kwa mafundi hiyo maana yake ni kushona nguo za Idi kwenye joto lile lile. Mimi sifungi, lakini wasaidizi wangu wawili wanafunga, na sikuwa na moyo wa kumwambia mtu mwenye kiu apige pasi saa nane mchana. Tukahamisha karakana yote usiku. Baada ya futari tunaanza, mlango wazi, taa nje, mpaka saa saba usiku. Majirani wanapita kutoka tarawehe wanajaribu magauni, muuza kahawa anapita anagonganisha vikombe vyake, mtoto wa mtu amelala juu ya marobota. Nguo zote zilitoka kabla ya Idi. Mchana tulikuwa tunafunga kabisa.

Hapo ndipo nilipoandika kwa chaki mlangoni, kwa mara ya kwanza bila futi shingoni: FUNDI AMELALA. RUDI SAA KUMI.

Siku ya tatu niliamka nikakuta mtu ameongeza mstari chini yake, mwandiko wa mteja wangu mmoja ninayemjua, mwalimu, mtu wa Makete, huko huko kwetu kwenye baridi, mzito kucheka: "Sawa. Na mimi naenda kulala. Ile sketi upunguze kiunoni."